Jua tumezaliwa nalo, mbona jangwa la Arizona linatuangusha?

#1 Mwana wa Kongwa (Phoenix)
Wakuu salaam. Swali hili limenikaa kichwani wiki nzima, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Mimi ni mtu wa Kongwa, Dodoma. Nimelima juani tangu utoto, nimesomba magunia ya mkaa kwa baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba, na leo naishi mji wenye jina hilohilo. Nimenunua baiskeli ya milimani, ya mtumba lakini nzima, na Jumapili iliyopita niliipeleka Brown's Ranch, upande wa kaskazini wa hifadhi ya McDowell Sonoran kule Scottsdale. Maji lita mbili mgongoni, kofia ngumu, kila kitu. Njia yenyewe si ya kutisha: changarawe, mawe makubwa ya matale, vilima vidogovidogo.

Nilianza saa mbili na nusu asubuhi. Saa moja na robo baadaye kichwa kinagonga, miguu haina nguvu, kichefuchefu. Shati kavu, chumvi nyeupe tu begani. Nikashuka, nikajibanza kwenye kivuli cha jabali, nikawa nafikiria watoto. Wazee wawili waliokuwa wanatembea, mke na mume, wakanikuta, wakanilowesha shingo na kichwa, wakanipa kinywaji cha chumvichumvi, wakanikokota mpaka kwenye gari. Kioo cha gari kiliandika nyuzi 41.

Wale wazee wana miaka sabini na zaidi, wako sawa kabisa. Mimi mkulima wa Kongwa nimelazwa chini. Kwa nini?

#2 Kijana wa Kariakoo (Dar)
Pole sana mkuu. Lakini nyie wa Dodoma mmejisifia jua miaka yote, leo limewaita jina. Naweka kambi hapa nisome majibu.

#3 Nesi wa Zamu (Tucson)
Pole kaka, na mshukuru Mungu kwa wale wazee. Walifanya lililo sahihi: kupoza kwanza, maswali baadaye.

Jibu langu liko kwenye sentensi yako mwenyewe: "shati kavu, chumvi begani." Ulikuwa unatoka jasho jingi, hulioni tu. Juni hapa unyevu wa hewa mchana hushuka mpaka chini ya asilimia 10. Jasho linakauka kabla halijawa tone. Kwetu pwani mtu akitoka jasho shati linamwambia, anatafuta maji. Hapa hakuna anayekuambia. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto hili anaweza kupoteza lita moja mpaka lita mbili kwa saa. Piga hesabu na lita zako mbili.

#4 Fundi Spoku (Mesa)
Nakubaliana na Nesi, ila niongeze la sisi waendesha baiskeli. Ukitembea kwa miguu joto unalisikia mapema. Ukiwa juu ya baiskeli upepo unakudanganya, unajiona uko vizuri mpaka ukisimama, ndipo unapigwa kama umefungua mlango wa tanuri.

Na tuzungumze saa. Saa mbili na nusu asubuhi kwa Juni ya hapa ni kuchelewa sana. Jua linachomoza saa kumi na moja na dakika ishirini hivi, maana Arizona haibadilishi saa kama majimbo mengine. Hifadhi inafunguliwa jua linapochomoza. Sisi kikundi chetu saa kumi na mbili kamili tuko njiani, saa mbili tuko nyumbani tunakunywa chai. Mkuu uliingia wakati wenzako wanatoka.

#5 Mwana wa Kongwa
Fundi, hilo la kuchelewa nalipokea. Lakini Kongwa tulikuwa tunalima mpaka saa sita mchana. Bado sijaelewa.

#6 Mwalimu Mstaafu (Moshi)
Mwana wa Kongwa, wewe unaliita jua wakati tatizo lako ni hewa. Jua la Kongwa na la Arizona ni moja. Hewa yake siyo.

Ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 35. Kongwa iko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na mchana wa kawaida ni nyuzi 30 au 31. Hewa hiyo ina ubaridi kuliko ngozi yako, kwa hiyo upepo ukipita unakuondolea joto hata kama hutoki jasho. Ikifika 41 mambo yanageuka: upepo unakuletea joto. Kilichobaki cha kukupoza ni jasho peke yake, na jasho linataka maji. Huko nyumbani ulikuwa na mifereji miwili ya kutolea joto. Kule umebaki na mmoja.

#7 Fundi Spoku
Mwalimu, kama upepo wa nyuzi 41 unaongeza joto, mbona nikiendesha nasikia nafuu na nikisimama nazidiwa?

#8 Mwalimu Mstaafu
Kwa sababu upepo huohuo unakausha jasho haraka, na kukauka kwa jasho kunapoza kuliko joto linaloletwa na upepo. Jasho likiwapo, upepo ni rafiki. Likikatika, umekaa mbele ya jiko linalopulizwa.

#9 Lodwar Kwetu (Turkana)
Hamjambo. Mimi ni wa Lodwar, na kila mtu akisema joto huwa anatutaja sisi. Niwaambie ukweli: Lodwar mchana ni 35, 36, na kufika 40 ni siku ya kusimuliwa. Phoenix mwaka 2023 walipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, kuanzia tarehe 30 Juni. Hakuna mji wa Afrika Mashariki ninaoujua wenye mwezi kama huo. Kwa hivyo hii habari ya "mimi ni Mwafrika, jua nimelizoea" iacheni. Hilo joto hamjawahi kulizoea kwa sababu hamjawahi kukutana nalo.

Pili, kwetu mchungaji haendi mbio saa tano. Anakaa chini ya mti mpaka jua lipinde. Wewe ulienda kuendesha baiskeli kwa kujifurahisha wakati mzee wa Kiturkana angekuwa amelala kivulini.

#10 Mama wa Uvira (Phoenix)
Jambo wote. Mimi naona mnazunguka. Huyu ndugu ameshakuwa mtu wa kiyoyozi. Analala kwenye baridi, gari baridi, kazini baridi, dukani baridi, kanisani mpaka tunabeba sweta. Kisha Jumapili moja anatoka anasema mimi mkulima. Mkulima wa mwaka gani? Sisi tulipofika hapa kutoka kambi ya Nyarugusu, mwaka wa kwanza hatukuwa na gari, tulitembea kwa miguu hadi kituo cha basi, na joto tulilibeba. Sasa mwaka wa tisa, dakika kumi tu nje nahema.

#11 Nesi wa Zamu
Mama Uvira amegusa jambo la kweli. Mwili hujifunza joto kwa wiki moja mpaka mbili za kutoka nje kidogokidogo kila siku: jasho linaanza mapema, linakuwa jingi, chumvi inapungua ndani yake. Ukikaa ndani wiki chache unasahau tena. Wale wazee sabini na kitu inawezekana wanatembea hapo kila asubuhi tangu Machi.

#12 Mwana wa Kongwa
Ni kweli, walisema wanajitolea pale hifadhini. Mama Uvira umenichoma lakini shikamoo.

#13 Mama wa Uvira
Marahaba mwanangu. Kunywa maji.

#14 Msafiri wa Maskati (Oman)
Salaam aleikum. Maji, maji, maji, kila mtu anasema maji. Na chumvi? Huku tunapanda njia za Jebel Shams na Jebel Akhdar, zimewekwa alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu kwenye mawe usipotee. Wazee wa huku hawapandi na maji matupu. Wanabeba tende, ndimu, na laban, yaani maziwa ya mtindi ya kunywa, yenye chumvi. Huyu ndugu alikuwa na chumvi nyeupe begani, yaani mwili umetoa chumvi na yeye anarudisha maji matupu. Kichwa kugonga na kichefuchefu ni dalili za chumvi kupungua.

#15 Nesi wa Zamu
Msafiri, chumvi ina nafasi yake, na kweli kuna watu wanaoanguka kwa kunywa maji matupu mengi kupita kiasi kwa saa nyingi. Dalili zinafanana, ndiyo maana inachanganya. Lakini huyu alikuwa njiani saa moja na robo tu. Kaka, maji uliyamaliza?

#16 Mwana wa Kongwa
Yalibaki karibu lita moja kwenye begi. Nilikuwa naona sina kiu.

#17 Nesi wa Zamu
Basi mimi nabaki na jibu langu. Maji yalikuwepo, hukuyanywa, kwa sababu hukuona jasho.

#18 Msafiri wa Maskati
Na mimi nabaki na langu. Tende saba na chumvi kidogo, uone.

#19 Kijana wa Kariakoo
Samahani kwa swali la mtu wa pwani: huko jangwani si mchanga mtupu? Baiskeli inapitaje?

#20 Fundi Spoku
Kijana, ondoa picha ya Sahara. Jangwa la Sonora lina misimu miwili ya mvua, ya kipupwe cha huku (Desemba mpaka Machi) na ya kiangazi (Julai mpaka Septemba), ndiyo maana limejaa miti. Kuna mti wenye shina la kijani, unatengeneza chakula chake kwa gome hata ukipukutisha majani. Kuna saguaro, ile kaktasi ndefu yenye mikono, inaweza kupita mita 12, na mkono wa kwanza mara nyingi hauoti kabla ya miaka 50. Nikimwona mtu anachonga jina lake kwenye saguaro naumia kabisa. Umechonga mtu aliyezaliwa kabla ya babu yako.

#21 Kijana wa Kariakoo
Ile saguaro si ndiyo ile miti ya Kondoa na Manyara inayofanana na kinara cha mishumaa?

#22 Mwalimu Mstaafu
Inafanana tu. Ya kwetu ni jamii ya mnyaa, ukiikata inatoa utomvu mweupe unaochoma macho. Saguaro ni jamii ya mpungate, asili yake Amerika. Shida za ukame zimewafundisha umbo moja bila kuwa ndugu.

#23 Mwana wa Tucson
Ngoja nirudi kwenye mateso ya njiani, maana joto siyo adui pekee. Kuna kaktasi inaitwa cholla. Wazungu wanasema inaruka. Haiwezi kuruka, ila kipande chake kinakatika ukikipitia kidogo tu, na miba ina vichokoo vidogo kama ndoana, ukivuta kwa vidole inahamia vidoleni. Beba kitana. Unaingiza meno ya kitana kati ya ngozi na kipande, unakirusha mbali na watu, kisha miba iliyobaki unaitoa kwa kibano. Nimemsaidia hivyo mtoto wa rafiki yangu aliyeanguka nayo kwenye paja. Alilia, mimi pia machozi yalinitoka.

#24 Lodwar Kwetu
Kitana! Hilo naliweka akilini.

#25 Fundi Spoku
Na pancha. Wageni wanafikiri kaktasi ndiyo inatoboa matairi. Mara nyingi ninayoichomoa ni mbigili. Ndiyo, mbigili ileile ya kwetu ya uwanja wa shule, inayochoma miguu pekupeku! Asili yake si Amerika, ilifika kutoka upande wetu wa dunia. Inaota maegeshoni na kando ya barabara, unaikanyaga kabla hata hujaingia njia. Nilipoiona mara ya kwanza nilichuchumaa nikaicheka kama nimekutana na mtu wa kijijini.

Dawa: ondoa tyubu, tumia tairi lisilo na tyubu, mimina ile maji ya kuziba ndani. Kwa joto la hapa inakauka upesi, kagua kila baada ya miezi miwili mitatu. Mwenye tyubu abebe kiraka, solusheni na pampu. Mwana wa Kongwa, baiskeli yako ina nini?

#26 Mwana wa Kongwa
Ina tyubu. Viraka vinne tayari.

#27 Fundi Spoku
Lete Mesa, tutaibadilisha. Unaleta chapati, basi.

#28 Mama wa Uvira
Mimi sina baiskeli, natembea kwa miguu South Mountain na wamama wa kanisa. Nina ombi kwenu wenye baiskeli. Pigeni kengele! Mnashuka kona kwa kasi, sisi tuna kitenge na mtoto mgongoni.

#29 Fundi Spoku
Mama, sheria iko upande wako. Baiskeli humpisha mtembea kwa miguu, na wote wawili humpisha farasi. Baiskeli kwa baiskeli, anayeshuka humpisha anayepanda. Asiyefanya hivyo ana makosa, hata kama ni mimi.

#30 Mwana wa Tucson
Ila wamama nao wasiende pembeni ya njia kutupisha mbali sana. Simameni ukingoni tu. Ule udongo mweusimweusi wenye gamba, kati ya vichaka, ni hai: kuna viumbe vidogo mno vinavyoushika usipeperuke na upepo. Gamba hilo ukilikanyaga mara moja, linachukua miaka mingi kurudi. Na baiskeli ndiyo mbaya zaidi, mtu mmoja akikata kona, kesho wamepita kumi, mvua ya Julai ikija unakuta mfereji.

#31 Mama wa Uvira
Na nyoka mwenye njuga mkiani je? Ukingoni ndipo analala.

#32 Mwana wa Tucson
Ndiyo maana nasema ukingoni, si kichakani. Tazama unapoweka mguu, na toa simu masikioni. Njuga yake ni onyo. Ukiisikia, simama, mtafute kwa macho, kisha rudi nyuma taratibu.

#33 Nesi wa Zamu
Na akimgonga mtu: msimfunge kamba, msichanje, msinyonye sumu. Vueni pete na saa, pigeni simu ya dharura, mtulizeni. Nimeona mkono ulioharibiwa na kamba kuliko sumu.

#34 Mwana wa Tucson
Lodwar Kwetu, nina habari yako. Kila kipupwe najitolea Tucson Mountain Park kung'oa nyasi, kwa mtaimbo na sururu, mpaka mizizi. Nyasi zenyewe zinatoka Afrika. Zililetwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na kushika udongo, na mbegu iliyosambazwa zaidi Marekani miaka ya 1940 ilitoka Turkana.

#35 Lodwar Kwetu
Turkana yetu? Nyasi gani hiyo?

#36 Mwana wa Tucson
Kwa kisayansi ni *Cenchrus ciliaris*. Ina suke kama mkia wa kindi, rangi ya zambarau ikiwa mbichi, kahawia ikikauka. Kwenu ni malisho mazuri, na huko moto ni jambo la kawaida, nyasi zinaungua zinachipua. Hapa jangwa halijui moto. Zamani kati ya kaktasi na kaktasi palikuwa na uwazi, moto unafika pale unakufa. Nyasi hizi zimejaza uwazi wote. Moto ukiwaka unapita mlima mzima, saguaro ya miaka 150 inakufa, nyasi zinarudi mvua ijayo. Mwaka 2005 Arizona iliiweka kwenye orodha ya magugu mabaya.

#37 Lodwar Kwetu
Nimesoma mara mbili. Nyanya yangu aliezekea nyasi, sijui kama ni hii. Inaniuma kwamba kitu kinacholisha mbuzi zetu kinaua miti huko. Si kosa la nyasi, imebebwa tu. Lakini mtu wa Turkana aliye hapo karibu akajitolee siku moja, kwa heshima.

#38 Mama wa Uvira
Kipupwe ikija mtuambie siku. Wamama wa kanisa tunajua jembe kuliko baiskeli.

#39 Kijana wa Kariakoo
Uzi umeanza na jua umefika kwenye jembe. Swali la #1 limejibiwa au bado? Nimehesabu majibu: hewa kavu, kuchelewa, hewa kuzidi ngozi, kiyoyozi, chumvi.

#40 Mwalimu Mstaafu
Usisahau ardhi. Matale yakipigwa na jua yanatoa joto mpaka usiku. Ulipojibanza kwenye jabali ulipata kivuli, lakini uliegemea kitu chenye joto.

#41 Mama wa Uvira
Hata mji unajua. Hapa Phoenix nyuzi zikifika 38 mbwa haruhusiwi kwenye njia za mlimani. Na tangu 2021 siku za onyo la joto kali wanafunga njia za milima ya Camelback na Piestewa saa za mchana. Wameona watu wanabebwa na helikopta.

#42 Mwana wa Kongwa
Asanteni wote. Narudi na mrejesho. Nesi alinitumia ujumbe, akaniambia nijipime uzito kabla na baada.

Leo Jumamosi nimeingia Brown's Ranch saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri na Fundi na wenzake. Nyuzi 27 tukianza, 34 tukitoka. Saa mbili juu ya baiskeli. Nimekunywa lita moja na nusu, nikilazimisha, kila Fundi akipiga kengele nakunywa. Nimekula tende saba za Msafiri. Nimepima uzito kabla na baada: nimepungua gramu 900. Shati limekauka kama limetoka kwenye kamba.

Tumekutana na wale wazee. Nimewapa chapati mbili katika zile za Fundi.

#43 Nesi wa Zamu
Lita moja na nusu uliyokunywa, ongeza gramu 900 ulizopungua, jumla kama lita 2.4 kwa saa mbili. Lita 1.2 kila saa, asubuhi yenye ubaridi, na shati kavu. Hesabu ndiyo hiyo.

#44 Msafiri wa Maskati
Na kichwa hakikugonga kwa sababu ya tende.

#45 Lodwar Kwetu
Hakikugonga kwa sababu alitoka mapema.

#46 Mama wa Uvira
Wiki hii amelala bila kiyoyozi, mke wake ameniambia.

#47 Fundi Spoku
Chapati zilikuwa sita, nimepata moja. Jumamosi ijayo saa ileile, na tyubu zile tunazitoa.